Aliulizwa yeye, wakajibu wengine

Binamu yangu ana safari ya nje, kazi, mkataba wa miaka miwili. Familia ikafungua grupu la WhatsApp kwa ajili yake, na mnajua magrupu yalivyo, asubuhi tuko wachache, usiku ukoo mzima umeshaingizwa humo hadi watu ambao hawasalimiani. Juu kabisa kuna orodha: jina, ahadi, na tiki ya kijani kwa aliyekwishatoa. Viza tayari. Imebaki tiketi na pesa ya wakala.

Jioni moja shangazi mmoja mtu mzima, ambaye kwenye grupu huwa anasoma tu, akatuma voisi. Fupi sana.

"Mwanangu hongera. Lakini hebu tuambie, hasa hasa unaenda kwa nini?"

Tukaona binamu anaandika. Ikapotea. Anaandika tena. Ikapotea.

Wakaanza kujibu wengine. Mjomba: hapa hakuna kazi, dada. Dada yake mkubwa: anaenda kututoa. Ndugu mmoja ambaye yuko huko huko nje miaka mingi akaandika aya ndefu kwamba kule mtu akijituma anaonekana. Shemeji: si kila mtu anaenda siku hizi? Na mdogo wake, ambaye mdomo wake hauna breki, akaandika kachoka kuulizwa ataoa lini, watu wakacheka, mada ikarudi kwenye tiketi.

Binamu hakuandika kitu.

Ningesahau, ila kuna jambo lilinikwama. Binamu yangu ana kazi. Sio kazi ya kutamba, lakini kila mwezi kuna kitu kinaingia. Na kwenye ukoo ule ule wapo vijana ambao hawana kitu kabisa, kabisa, na hakuna aliyewahi kuwafungulia grupu. Sasa kama sababu ni njaa, mbona anayeondoka ni aliyekuwa anakula?

Wiki kadhaa nimekuwa nalo hilo. Nimesoma, nimepigia watu simu, nimeandika hii.

Fukara haendi mbali

Tumezoea kusema watu wanakimbia umaskini, na kwa jicho la haraka ni kweli, maana dereva yule yule, mikono ile ile, leseni ile ile, akivuka mpaka anaweza kulipwa mara kadhaa ya alichokuwa analipwa juzi kwao. Hajasomea chochote kipya. Kilichobadilika ni mahali aliposimama. Hapo huhitaji nadharia.

Lakini kusafiri kunataka pesa. Paspoti, vipimo vya afya, vyeti kuthibitishwa, viza, wakala, tiketi, na hela ya kuishi mpaka mshahara wa kwanza. Mtu ambaye hana kabisa atazitoa wapi?

Ndo maana wachumi wanaofuatilia mambo haya, Michael Clemens akiwa mmojawapo, wanakuta kitu ambacho wanasiasa hawapendi kukisikia. Nchi maskini sana zikianza kuinuka, watu wanaotoka nje huwa wanaongezeka. Wanaendelea kuongezeka mpaka kipato cha mtu kwa mwaka kifike kati ya dola 5,000 na 10,000 hivi, kwa hesabu ya uwezo wa kununua (yaani ukizingatia bei za vitu za kila nchi), ndipo idadi inaanza kushuka. Kwa hiyo wale wanaosema tuwape misaada wasije kwetu, hesabu yao imekaa kinyume, angalau kwa kizazi kimoja au viwili.

Hata njaa yenyewe. Ireland kati ya 1845 na 1852 viazi vilioza mashambani, watu kama milioni moja wakafa na zaidi ya milioni moja wakaondoka, wengi kwenda Marekani na Uingereza. Tukisimulia tunasema njaa iliwafukuza. Sawa, lakini waliopanda meli walikuwa na nauli, au walitumiwa na ndugu aliyetangulia, au mwenye shamba aliwalipia ili waondoke kwenye ardhi yake. Waliokuwa chini kabisa wengi wao hata bandari hawakuifikia.

Kwa hiyo jibu la mjomba limepungua. Kukosa kazi kunamfanya mtu atamani kuondoka. Ili aondoke kweli inatakiwa familia iwe na kitu cha kuuza au mtu wa kukopa kwake.

Anayetumwa

Jibu la dada yake ndo lilinikalisha chini. Anaenda kututoa. Tu-toa. Sisi.

Mwaka 1985 wachumi wawili, Oded Stark na David Bloom, waliandika hoja ambayo leo inaonekana ya kawaida lakini wakati ule iligeuza meza. Walisema acheni kumwangalia anayeondoka peke yake, iangalieni kaya yake. Kaya inagawa watu wake: huyu abaki na shamba, huyu aendelee na duka, huyu aende nje. Mvua ikigoma hapa, kiwanda cha kule hakijui habari ya mvua. Wa kule akipunguzwa kazi, shamba lipo. Ni bima, kwa watu ambao hakuna kampuni ingewauzia bima.

Nikirudia orodha ya michango kwa macho hayo naona kingine kabisa. Tuliokuwa tunatoa tulikuwa tunanunua hisa! Hakuna aliyesema hivyo, kila mtu aliandika "Mungu amtangulie", lakini hebu subiri mwaka mmoja uone nani anampigia simu ada ya mtoto ikikaribia.

Na anayechaguliwa kwenda, kwa nilivyoona mimi, mara nyingi ni yule anayeaminika kwamba atatuma. Mwenye shida kuliko wote anaweza asiguswe, na mwenye akili kuliko wote anaambiwa asome. Anachukuliwa yule mwenye afya, asiye na makuu, ambaye hata sasa akipata kidogo anagawa. Tabia yake nzuri ndo inayompeleka mbali.

Kwa ukubwa hili jambo linatisha. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2023 wahamiaji walituma kama dola bilioni 656 kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya uwekezaji wa moja kwa moja uliotoka nje kuingia huko. Tajikistan pesa hizo ni zaidi ya robo ya pato la taifa. Na katika kila dola 200 zinazotumwa, ada na makato ya kubadilisha fedha kwa wastani vinakula zaidi ya asilimia 6, wakati mataifa yalikubaliana kwenye malengo ya maendeleo ya Umoja wa Mataifa kwamba ifikapo 2030 isizidi 3. Sijaona anayekimbizana na tarehe hiyo.

Nadharia ya kaya naikubali ila ina shimo. Inaongea kana kwamba kaya ni mtu mmoja mwenye kichwa kimoja. Mimi nimekaa kwenye familia. Kuna wanaoamua na kuna wanaoamuliwa, na mara nyingi anayesafiri yuko kundi la pili, hasa akiwa msichana, hasa akiwa mdogo. Watu wakisema "tumeamua", ningependa kujua yeye alikuwa amekaa wapi wakati mnaamua.

Mkataba niliosoma

Niliombwa niupitie mkataba wake kwa sababu kwenye familia mimi ndo mtu wa makaratasi. Kurasa nne. Mshahara uko ukurasa wa pili, umeandikwa vizuri kwa tarakimu na kwa maneno. Saa za kazi zimeandikwa "kama itakavyohitajika". Siku ya mapumziko haipo, nimesoma mara mbili, haipo. Gharama za wakala ziko chini kabisa kwa herufi ndogo, nusu analipa kabla hajaondoka na nusu inakatwa kwenye mshahara wa miezi ya mwanzo.

Nikamwambia hapa kuna tatizo. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 181 wa mwaka 1997 unaosema wakala wa ajira binafsi hatakiwi kumtoza mfanyakazi, sio moja kwa moja, sio kwa mlango wa nyuma, isipokuwa kwa vighairi vichache. Wamshike mwajiri, yeye ndo mwenye shida ya mtu. Akaniangalia tu. "Kaka, wa hivyo umewaona wapi?" Nikakosa cha kujibu, maana nchi nyingi hazijauridhia, na hata zilizouridhia...

Lakini nilitoka pale na kitu. Ule mkataba uliandikwa na mtu. Kuna ofisi mahali ilikaa ikasema tunataka vijana kadhaa, wa umri huu, kwa bei hii. Sisi tunaongelea watu wanaoondoka kana kwamba wanajirusha tu kama mbegu kwenye upepo, kumbe wengi wao wameitwa.

Ujerumani Magharibi iliita. Viwanda vilikosa watu, ikasaini na Italia mwaka 1955, ikasaini na Uturuki mwaka 1961, na nchi nyingine kadhaa. Uturuki kulikuwa na ofisi ya Wajerumani kabisa inayopima watu meno na mapafu kabla ya kuwapandisha treni. Marekani iliita Wamexico kuanzia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa mpango wa Bracero, 1942 hadi 1964, wakavune mashamba. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973 nchi za Ghuba zikaanza kujenga mchana na usiku na zikaita mamilioni kutoka Asia Kusini. Leo wanaoitwa ni manesi na walezi wa wazee, kwa sababu nchi tajiri zinazeeka na watoto wao wenyewe hawataki kufanya zamu hizo kwa mshahara huo. Imefika mahali mwaka 2010 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha kanuni za kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje, zikizisihi nchi zenye uwezo zisiende kuzoa kwenye nchi zenye upungufu mkubwa. Ni kanuni za hiari. Hiari, ndio hivyo.

Na upande wa pili zipo serikali zinazopeleka. Ufilipino chini ya rais Ferdinand Marcos iliandika kuhusu kazi za ng'ambo ndani ya sheria yake ya kazi ya mwaka 1974, ikionekana kama dawa ya muda ya ukosefu wa ajira. Ya muda! Mwaka 2021 imeanzishiwa wizara nzima.

Sasa ukimuuliza kijana mmoja wa Manila kwa nini ameondoka, na wakati alipozaliwa njia ilikuwa imeshachimbwa, chuo cha unesi kimejengwa kwa hesabu ya wateja wa nje, ofisi ya serikali ipo ya kumwandaa, unategemea akupe sababu yake binafsi?

Si kila mtu anaenda?

Jibu la shemeji nililidharau kwanza. Baadaye nikaona ndo lenye utafiti mwingi kuliko yote.

Mwanasosholojia Douglas Massey na wenzake wamefuatilia vijiji vya Mexico tangu miaka ya themanini. Wanachokuta ni kwamba wa kwanza kuondoka anaumia sana, hajui mtu, hajui bei, anaibiwa. Wa pili analala kwake. Wa tatu anakuta kazi imeshaulizwa. Ikifika hapo gharama imeshuka, hofu imeshuka, na kuhama kunaanza kujiendesha kwenyewe hata kama ile sababu ya kwanza imekufa siku nyingi. Kijana anakua akijua kuondoka ni hatua ya maisha, baada ya shule kabla ya ndoa.

Halafu kuna kujilinganisha. Mtu hajipimi na nchi tajiri aliyoiona kwenye tivii, anajipima na mlango wa pili. Stark huyo huyo aliliandikia hili. Jirani akipaua kwa pesa ya nje, paa lako ambalo jana lilikuwa zima leo limechakaa, na hakuna mvua iliyonyesha hapo katikati.

Hata wanakoenda huko. Mwaka 1885 mwanajiografia E. G. Ravenstein alipitia takwimu za sensa za Uingereza akaona wengi wanaohama wanaenda karibu, sio mbali. Mambo mengi yamebadilika tangu hapo, ila Afrika kusini mwa Sahara mpaka leo wengi wanaohama wanaishia nchi nyingine ya Afrika. Boti na majangwa ndo vinapigwa picha. Basi la mpakani hakuna anayelipiga picha.

Yasiyoingia kwenye fomu

Mdogo wake alitania, lakini mimi sikucheka sana.

Fomu ya viza inataka sababu moja, kazi, masomo, familia, matembezi. Weka tiki. Hakuna kisanduku cha mtu ambaye ndoa imemshinda na akibaki atarudishwa kwenye ile nyumba. Hakuna kisanduku cha anayedaiwa na kila mtu mtaani. Hakuna cha mtu ambaye yeye ndiye wa kuombwa kila siku na anataka kwenda mahali ambapo simu angalau inaweza kukosa mtandao. Rafiki yangu mmoja aliyehamia nje aliniambia raha yake ya kwanza haikuwa mshahara, ilikuwa kutembea barabara nzima bila mtu kumuuliza anatoka wapi na kabeba nini. "Nilikuwa si binti wa mtu," alisema. Mwaka mmoja baadaye upweke ule ule ukamlaza kitandani, lakini hiyo hakuiandika kwa mama yake.

(Wanaokimbia vita na kufungwa ni habari nyingine, wana Mkataba wao, ule wa Wakimbizi wa mwaka 1951, na kwao swali la "kwa nini" lina majibu ya kuua. Ingawa hata hapo mstari sio mnyoofu, mtu anakimbia risasi halafu anachagua nchi yenye binamu na kazi, nani atamlaumu?)

Ninachoshuku ni kwamba binamu alikuwa na sababu zake za kutoandika pale. Kuna vitu huwezi kuandika mbele ya watu wanaokuchangia nauli.

Kubaki huko

Halafu sababu zenyewe hazitulii. Aliyeondoka kwa ajili ya nyumba, nyumba ikaisha, mbona hajarudi?

Wajerumani waliamini watu watakuja, watafanya kazi, watarudi, na wengi walifanya hivyo hivyo. Kati ya 1955 na 1973 waliingia kama milioni 14 na milioni 11 hivi wakarudi kwao. Novemba 1973, uchumi umetikisika, serikali ikafunga mlango wa kuajiri. Na hapo ndipo waliobaki walipotulia kabisa. Kabla ya hapo ungeweza kurudi kwenu ukaona mambo yanaendaje, ikishindikana unasaini tena. Mlango ukifungwa, anayetoka hataingia tena. Basi wakaita wake, wakaita waume, wakaita watoto. Massey aliona hivyo hivyo pale mpaka wa Marekani na Mexico ulipozidi kubanwa kuanzia miaka ya themanini: watu waliozoea kwenda na kurudi kila msimu wakaacha kurudi, kwa sababu kuvuka kulikuwa ghali na hatari, na nani atalipia mara mbili.

Mlango uliowekwa kuzuia watu kuingia ukawazuia kutoka. Nimelifikiria hili sana kuliko mengine yote niliyosoma, na bado sijawahi kusikia likisemwa kwenye kampeni ya uchaguzi popote.

Sisi tuliopo

Umoja wa Mataifa ulikadiria mwaka 2024 kwamba watu milioni 304 wanaishi nje ya nchi walizozaliwa. Inasikika nyingi, na imepanda kutoka milioni 154 mwaka 1990. Lakini kwa dunia hii yenye watu wengi ni asilimia 3.7. Pesa inaruka, bidhaa zinaruka, picha zinaruka, na katika kila watu 100 zaidi ya 96 wako nchi walikozaliwa. Kama kuna watu wanaotakiwa kujieleza ni sisi, na hakuna anayetuuliza.

Nikajiuliza mimi. Ningependa niseme nimebaki kwa kuipenda nchi, na ninaipenda, lakini ningekuwa nadanganya. Dada yangu mkubwa aliondoka mimi nikiwa sekondari. Akaenda kulea wazee wa watu, kuwageuza usiku, kuwalisha, na ada yangu ikawa inalipwa kwa wakati muhula baada ya muhula. Nikasoma, nikapata kazi hapa hapa. Mimi sijaondoka kwa sababu yeye aliondoka.

Nikampigia. Nikamuuliza ilikuwaje hasa, kwa nini yeye.

"Wewe ulikuwa na maksi, mimi nilikuwa na paspoti."

Nikaanza kumwambia maneno mazito, shukrani, sadaka aliyotoa, akanikatiza. Akasema hebu acha kunifanya kama nilichinjwa, nilikuwa msichana mdogo, nilitaka kupanda ndege, nilitaka kuona theluji, ada yako ilikuwa sababu nzuri ya kumwambia baba.

Miaka yote hii na hilo sikuwa nalijua.

"Na wewe," akaniuliza, "hukuwahi kutaka?"

Nikamwambia niliwahi. Nilijaza fomu za nchi moja kimya kimya, nikaenda kwenye intavyuu na shati jipya, nikanyimwa, sikumwambia mtu. Alicheka mpaka simu ikawa inakwaruza, akaniambia hata yeye mara ya kwanza alinyimwa, na kwamba baba ndiye aliyemkopesha ada ya kuomba tena.